Benjamin Franklin na Kitabu cha Makosa Yake

Watoto, mtu akilima shamba lake mara moja, kisha akakaa kivulini kungoja mavuno, atavuna nini? Atavuna magugu. Kila mmoja wenu amemwona mama yake akiinama shambani na jembe lake. Magugu aliyoyang'oa juma lililopita yamekwisha kuota tena. Lakini mama hakati tamaa. Anapalilia tuta moja, kisha la pili, kisha la tatu. Naye hapalilii kwa sababu anapenda jua kali, bali kwa sababu anataka watoto wale.

Moyo wa mtu nao ni shamba. Leo tutasoma habari za mtu mmoja aliyeujua ukweli huu, akaupalilia moyo wake kama mkulima anavyopalilia muhogo wake. Jina lake ni Benjamin Franklin.

1. Mtoto wa fundi wa mishumaa

Benjamin Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari 1706 katika mji wa Boston, katika nchi ya Marekani. Siku zile sehemu ile ya Marekani ilikuwa bado chini ya mfalme wa Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni. Alipata watoto 17 kwa wake wawili, maana mke wa kwanza alikufa, naye akaoa wa pili. Benjamin alikuwa mtoto wa 15, na wa mwisho kati ya wavulana.

Katika nyumba yenye watu wengi namna ile, fedha haikai. Benjamin alisoma shuleni miaka miwili tu. Alijua kusoma vizuri, lakini hesabu zilimshinda. Alipofika umri wa miaka 10, baba yake alimwondoa shuleni, akamtia kazini. Kazi yake ilikuwa kukata tambi za mishumaa, kujaza mafuta katika kalibu, kulinda duka na kutumwa huku na huku. Kazi ile haikumpendeza hata kidogo.

Katika utoto wake alifanya kosa moja ambalo hakulisahau mpaka uzee. Yeye na wenzake walipenda kuvua samaki wadogo kando ya bwawa. Wakakanyaga mahali pale kila siku, hata pakawa tope tupu. Karibu na hapo palikuwa na lundo la mawe ya watu waliojenga nyumba. Basi jioni moja, wajenzi walipokwisha kwenda zao, Benjamin aliwakusanya wenzake. Wakayabeba mawe yale, wengine wawili au watatu kwa jiwe moja, wakajenga mahali pazuri pa kusimama ukingoni mwa maji. Asubuhi wajenzi hawakuona mawe yao. Walitafuta, wakayaona bwawani. Watoto walijulikana, na baadhi yao wakaadhibiwa na baba zao.

Benjamin alijitetea. Alimwambia baba yake kwamba kazi ile ilikuwa na faida kwa watoto wote. Josiah hakukubali. Alimfahamisha mwanawe kwamba faida inayotoka katika mali ya mwenzako si faida. Mtoto alinyamaza. Neno lile likaingia moyoni mwake kama mbegu.

2. Mwanafunzi wa kazi

Benjamin alipofika miaka 12, baba yake alimpeleka kwa ndugu yake mkubwa, James, aliyekuwa mpiga chapa. Alifungwa kwa mapatano ya kumtumikia ndugu yake mpaka atimize miaka 21. Kazi hii aliipenda, kwa sababu palipo na kupiga chapa pana vitabu.

Lakini vitabu vilikuwa ghali, naye hakuwa na fedha. Alifanyaje? Alifanya urafiki na vijana waliotumika katika duka la vitabu. Jioni waliweza kumwazima kitabu, naye alikaa kitini sehemu kubwa ya usiku akikisoma. Asubuhi na mapema alikirudisha kikiwa safi, ili tajiri wa duka asikikose. Kama angalikichafua kimoja tu, mlango ule ungalifungwa.

Tena aliacha kula nyama. Alimwomba ndugu yake ampe nusu ya fedha iliyolipiwa chakula chake, ajilishe mwenyewe. James alifurahi, maana matumizi yake yalipungua. Benjamin akala mboga, wali na viazi, akaweka akiba nusu ya fedha ile, akanunua vitabu. Saa sita mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki kazini na kipande cha mkate na zabibu kavu. Alikula haraka, kisha akafungua kitabu. Hesabu zilizomshinda shuleni, alijifundisha mwenyewe, akazimaliza.

Alitaka pia kujua kuandika vizuri. Alichukua habari iliyoandikwa na mtu hodari, akaisoma, akaandika maneno machache ya kumkumbusha maana ya kila sentensi. Kisha aliiweka kando siku kadhaa. Halafu akajaribu kuiandika tena yote kwa maneno yake mwenyewe. Mwisho alilinganisha kazi yake na ile ya kwanza, akayatafuta makosa yake na kuyasahihisha. Hakuna mwalimu aliyemlazimisha. Alikuwa mwalimu na mwanafunzi pamoja.

3. Magugu ya ujana

Msidhani, watoto, kwamba kijana huyu alikuwa mtakatifu. James alikuwa mkali, mara nyingine alimpiga. Lakini Benjamin naye alikuwa na kinywa kikali na majivuno. Mwaka 1723, akiwa na miaka 17, alivunja mapatano yao akatoroka. Aliuza baadhi ya vitabu vyake, akapanda mashua mpaka New York. Hakupata kazi. Akaendelea kwa mashua na kwa miguu, katika mvua, mpaka mji wa Philadelphia.

Alifika siku ya Mungu asubuhi, mchafu na mwenye njaa, mifuko yake imejaa shati na soksi. Fedha yake haikufika kitu. Alinunua mikate mitatu mikubwa. Mmoja alikula akitembea njiani, miwili akaichukua kwapani. Binti mmoja, Deborah Read, alisimama mlangoni kwao akamwona, akafikiri kwamba kijana yule ni kichekesho. Benjamin aliposhiba, hakuweka akiba mikate iliyobaki. Alimpa mama mmoja na mtoto wake waliosafiri naye katika mashua. Kisha akaingia katika nyumba ya sala pamoja na watu wengine, akaketi, na kwa uchovu akalala usingizi mzito mpaka alipoamshwa.

Alipata kazi kwa mpiga chapa. Lakini magugu yaliota. Mtu mmoja alimwamini akamtuma apokee fedha aliyokuwa akidai, pauni 35, na kumwekea. Benjamin aliila fedha ile kidogo kidogo, na nyingine akamkopesha rafiki yake mlevi ambaye hakumrudishia. Tangu siku ile aliishi kwa hofu kwamba mwenye fedha ataiulizia.

Mwaka 1724 alikwenda London, kwa kuwa mtu mkubwa wa serikali alimwahidi barua za kumsaidia kununua mashini ya kupiga chapa. Alipofika, hakuna barua hata moja. Mkubwa yule alipenda kuahidi, lakini hakuwa na kitu cha kutoa. Benjamin alibaki katika mji mgeni bila msaada. Akatafuta kazi, akaipata. Wenzake walikunywa pombe toka asubuhi mpaka jioni, wakisema kwamba inaleta nguvu. Yeye alikunywa maji. Nao walishangaa kumwona akipanda ngazi na mizigo miwili mizito ya herufi za risasi, mmoja katika kila mkono, wakati wao walibeba mmoja kwa mikono miwili. Mwisho wa juma wao walikuwa na deni, yeye alikuwa na mshahara wake.

Lakini hata huko alikosa. Alikuwa amempa Deborah ahadi ya ndoa, na katika muda wote aliokaa London alimwandikia barua moja tu. Binti yule alihuzunika, akaolewa na mtu mwingine, ambaye alimtenda vibaya kisha akatoroka.

4. Kulipa madeni

Mwaka 1726 Benjamin alirudi Marekani kwa meli. Safari ilikuwa ndefu, na mtu akiwa baharini ana nafasi ya kufikiri. Alikuwa na miaka 20. Aliona kwamba maisha yake mpaka siku ile hayakuwa na mpango. Akaandika maazimio manne: kutumia fedha kidogo mpaka alipe madeni yake yote, kusema kweli na kutompa mtu tumaini la uongo, kushika kazi yake kwa bidii bila kukimbilia utajiri wa haraka, na kutomsengenya mtu yeyote.

Mwaka 1728 alifungua kiwanda chake cha kupiga chapa. Alifanya kazi mpaka usiku. Mara moja, kazi ya siku nzima ilikuwa imekwisha, herufi zikaanguka, kurasa mbili zikachanganyika. Hakulala mpaka alipozipanga upya. Majirani waliona taa yake inawaka usiku, tena inawaka kabla hawajaamka. Karatasi alizonunua alizileta mwenyewe kwa kigari cha kusukuma kwa mikono, akipita katikati ya mji bila kuona haya. Watu wakasema kwamba kijana yule anaweza kuaminiwa. Kazi zikamjia.

Ndipo alipoanza kulipa. Yule mwenye pauni 35 alimlipa fedha yote, na faida juu yake, na shukrani. Deborah alimwoa mwaka 1730, nao waliishi kwa kusaidiana. Mama huyu alikunja karatasi na kulinda duka pamoja naye. James, ndugu yake, alimtembelea mwaka 1733. Walisameheana. James alikuwa mgonjwa, akamwomba kwamba akifa, amtwae mwanawe wa miaka 10 amfundishe kupiga chapa. Benjamin alimpeleka mtoto yule shuleni miaka michache, kisha akamfundisha kazi, na mwisho akampa herufi mpya za kufungulia kazi yake. Hivyo miaka ya utumishi aliyomnyima ndugu yake, alimlipa mtoto wa ndugu yake.

5. Kitabu kidogo

Benjamin alipokuwa hajafika miaka 30 aliwaza jambo kubwa: kuishi bila kosa lolote. Alidhani kwamba ni rahisi. Kama mtu anajua lipi jema na lipi baya, kitu gani kitamzuia kutenda jema kila mara? Akajaribu. Alipojilinda upande huu, kosa likaingia upande ule. Akatambua kwamba kutaka wema peke yake hakutoshi. Desturi mbaya lazima zing'olewe, na njema zipandwe mahali pake.

Basi akaandika orodha ya fadhila 13: kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, utaratibu, kutimiza azimio, kutotupa mali, bidii ya kazi, unyofu, haki, kujizuia hasira, usafi, utulivu wa moyo, mwenendo safi wa mwili, na unyenyekevu.

Mwanzoni orodha ilikuwa na fadhila 12. Rafiki yake mmoja alimwonya kwa upole kwamba watu wanamwona mwenye kiburi, anayetaka kumshinda kila mtu katika mabishano. Benjamin hakukasirika. Aliongeza fadhila ya 13, unyenyekevu, akachagua Yesu na Socrates wawe mfano wake.

Kisha akatengeneza kitabu kidogo. Kila fadhila ilikuwa na ukurasa wake. Akapiga mistari: vyumba saba kwa siku za juma, na safu 13 kwa fadhila zote. Kila jioni alijichunguza. Akiona kosa, alitia doa jeusi mahali pake. Asubuhi alijiuliza atatenda jema gani siku ile, na jioni alijiuliza ametenda jema gani.

Hakushindana na makosa yote mara moja. Juma la kwanza alichunga zaidi kiasi katika kula na kunywa, juma la pili kunyamaza, na hivyo mpaka mwisho. Alijifananisha na mtu mwenye bustani, asiyejaribu kung'oa magugu yote siku moja, bali anamaliza tuta moja kabla ya kuanza lingine. Kwa majuma 13 alimaliza orodha, na kwa mwaka mmoja aliizunguka mara nne.

Je, aliona nini? Alishangaa kuona madoa mengi kuliko alivyodhani. Alipoanza mzunguko mpya, aliyafuta madoa ya zamani ili atie mapya, hata karatasi ikatoboka. Akalazimika kupata kitabu kingine chenye kurasa za pembe ya ndovu. Juu yake alipiga mistari kwa wino mwekundu usiofutika, na madoa akayatia kwa kalamu ya risasi, ili ayafute kwa sifongo yenye maji.

6. Shoka lenye madoa

Fadhila iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa utaratibu. Karatasi zake zilitawanyika mezani, saa zake zilivurugika. Alijaribu miaka mingi, akashindwa mara nyingi. Karibu aache kabisa, aridhike na kosa lake.

Alijisimulia kisa cha mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi. Makali ya shoka yaling'aa, lakini mwili wake ulikuwa mweusi. Mtu yule alitaka shoka lote ling'ae kama makali. Mhunzi alikubali kulinoa, kama mwenyewe atazungusha gurudumu la jiwe la kunolea. Mhunzi akaligandamiza shoka juu ya jiwe kwa nguvu, na mnunuzi akazungusha. Kazi ikawa nzito. Kila mara aliacha gurudumu aje kutazama. Mwisho alitaka kulichukua shoka lilivyo. Mhunzi akamtia moyo azidi kuzungusha, kwa kuwa shoka lilikuwa bado na madoa. Mnunuzi akajibu kwamba sasa anapenda zaidi shoka lenye madoa.

Benjamin alijua kwamba watu wengi ni kama mnunuzi yule. Hawasemi kwamba wamechoka. Wanasema kwamba kosa lao ni zuri. Yeye hakufika ukamilifu. Alikiri hivyo katika uzee wake, alipoandika habari za maisha yake. Lakini alisema pia kwamba kwa kujaribu alikuwa mtu mwema zaidi na mwenye furaha zaidi kuliko kama asingalijaribu.

7. Matunda ya bustani

Sasa tazameni matunda. Kwa kiasi katika kula na kunywa alipata afya mpaka uzee. Kwa bidii na akiba alipata mali. Kila mwaka alitoa kitabu cha kalenda chenye mashauri mema, nacho kilinunuliwa karibu nakala 10,000 kwa mwaka. Mwaka 1748, akiwa na miaka 42 tu, aliweza kuacha duka mikononi mwa mwenzake.

Hakuacha ili alale. Tangu zamani alikuwa na jamaa ya marafiki waliokutana kila juma kuongea na kujifunza. Mwaka 1731 aliwakusanya watu 50, kila mmoja akatoa shilingi 40, na baadaye shilingi 10 kwa mwaka, wakanunua vitabu vya kuazimana. Kijana aliyeazima vitabu usiku kwa siri sasa alifungua nyumba ya vitabu kwa watu wa mji. Mwaka 1736 aliunda chama cha kuzima moto. Mwaka 1751 alimsaidia daktari mmoja kujenga hospitali ya maskini. Alitengeneza jiko la chuma la kupasha nyumba joto kwa kuni chache. Mkubwa wa nchi alitaka kumpa haki ya kuliuza peke yake, naye akakataa. Aliona kwamba sisi sote tunafaidika kwa kazi ya akili za wengine, basi ni haki kuwapa wengine kazi ya akili zetu bure.

Ninyi mnajua radi inavyoua watu na kuchoma nyumba. Benjamin alikuwa mtu wa kwanza kuonyesha njia ya kuthibitisha kwamba radi na umeme ni kitu kimoja. Mwaka 1752, wakati wa mawingu mazito, alirusha angani kishada cha hariri kilichofungwa kwa uzi, na ufunguo mwishoni mwa uzi. Umeme wa wingu ulishuka mpaka ufunguoni. Jambo hilo msilijaribu kamwe: mwaka 1753 mtaalamu mmoja nchini Urusi aliuawa na radi akipima umeme wa mawingu. Lakini kwa maarifa yale Benjamin alifundisha watu kuweka juu ya nyumba fimbo ya chuma iliyounganishwa na waya mpaka ardhini, ili radi ishuke bila kuharibu. Mtoto aliyesoma miaka miwili alipewa heshima ya udaktari na chuo kikuu cha Oxford mwaka 1762.

8. Faida ya unyenyekevu

Fadhila ya 13 ilikuwa ngumu. Benjamin alikiri kwamba kiburi hakifi: ukikipiga chini, kinainuka tena. Lakini aliulinda ulimi wake. Aliacha maneno ya kukata shauri, kama vile hakika na bila shaka. Alizoea kusema kwamba anadhani, au kwamba anaona hivyo kwa sasa. Mtu akisema uongo, hakumrukia mara moja. Na tangu hapo mashauri yake yalisikilizwa zaidi.

Kwa tabia ile watu walimpa kazi kubwa. Mwaka 1776 alikuwa mmoja wa waliotia sahihi Tamko la Uhuru wa Marekani. Alitumwa Ufaransa kuomba msaada, akaupata kwa mapatano ya mwaka 1778. Mwaka 1783 alikuwa kati ya waliotia sahihi amani na Uingereza. Mwaka 1787, akiwa mzee wa miaka 81, aliketi katika mkutano uliotunga katiba ya nchi. Mambo mengine katika katiba ile hayakumpendeza. Hata hivyo alikumbusha wenzake kwamba mara nyingi katika maisha yake alijiona ana haki, kisha akagundua kwamba alikosea. Akawaomba kila mmoja atilie shaka kidogo akili yake mwenyewe, watie sahihi.

9. Kosa lisilokuwamo kitabuni

Lakini kulikuwa na doa moja kubwa ambalo Benjamin hakulitia katika kitabu chake. Siku zile watu weusi kutoka Afrika waliuzwa Marekani kama ng'ombe. Benjamin mwenyewe alikuwa na watumwa nyumbani kwake miaka mingi, na gazeti lake lilipiga chapa matangazo ya kuuza watumwa. Katika orodha yake aliandika haki, na kila jioni alijichunguza, lakini kosa hili hakuliona. Kwa nini? Kwa sababu majirani zake nao walilitenda. Gugu lililoota katika mashamba yote, watu hulidhania kuwa mmea.

Mwaka 1763 alitembelea shule ya watoto weusi katika mji wa Philadelphia. Aliwaona wakisoma na kujibu. Akaandika kwamba akili ya watoto weusi ni sawa kabisa na ya watoto weupe, na kwamba mawazo yake ya zamani hayakuwa na udhuru. Kugeuka kwake hakukuwa kwa siku moja. Lakini mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha Philadelphia cha kukomesha utumwa. Mwezi wa Februari 1790, akiwa mgonjwa, alitia sahihi yake katika ombi kwa Baraza Kuu la nchi, utumwa uondolewe. Ombi lile lilikataliwa, na utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865 tu. Mzee hakuona mavuno ya kazi ile. Watu waliokuwa watumwa nyumbani kwake hawakurudishiwa miaka yao. Deni hili hakuweza kulilipa lote, kama alivyolipa pauni 35.

10. Mwisho wake

Benjamin Franklin alifariki tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na miaka 84. Watu wapatao 20,000 walikuja kumzika. Aliuachia mji wa Boston pauni 1,000, na Philadelphia pauni 1,000, wakopeshwe vijana mafundi wanaoanza kazi, kama yeye alivyokopeshwa na marafiki zake. Fedha ile ilitunzwa, ikazaa. Ilipotimia miaka 200 ilikuwa imefika mamilioni ya dola.

Basi watoto, hakuzaliwa tajiri, wala hakusoma miaka mingi, wala hakuwa bila kosa. Alikuwa na jembe, naye hakuliweka chini. Mtu anayeyahesabu makosa ya jirani hupoteza siku yake. Anayeyahesabu yake mwenyewe ameanza kupalilia. Tena mtu asitazame tu makosa ambayo watu wote wanayalaumu. Atazame na yale ambayo watu wote wanayatenda.

Maulizo

1. Kwa nini Josiah alimwadhibu mwanawe kwa ajili ya mawe?
2. Benjamin alipataje vitabu, naye hakuwa na fedha?
3. Taja watu watatu ambao Benjamin aliwakosea katika ujana. Alimlipaje kila mmoja?
4. Kwa nini alichagua fadhila moja kwa kila juma?
5. Mnunuzi wa shoka alisema kwamba anapenda shoka lenye madoa. Je, alisema kweli?
6. Kosa gani halikuwamo katika kitabu cha Benjamin, na kwa nini hakuliona?
7. Kazi ya nyumbani: Chagua fadhila moja. Piga mistari ya siku saba katika daftari lako. Kila jioni tia doa ukikosa. Mwisho wa juma usimwonyeshe mwenzako. Jionyeshe mwenyewe, kisha anza tena.